PS au Kompyuta? Jumamosi Kura Yangu ni Kompyuta



Jumamosi hii kikundi chetu cha vijana hapa Bariadi mjini kinapiga kura. Siyo kura ya ubunge, na hakuna msimamizi wa kumuengua mtu. Tupo 12. Kila mmoja amechanga shilingi 200,000 kwa mwaka mzima, wengine kwa bodaboda, wengine kwa kuuza mahindi ya kuchoma, mmoja kwa kulima vibarua kwenye pamba ya watu. Jumla ni 2,400,000. Tunataka kufungua sehemu ya gemu. Limebaki swali moja tu: tununue PS au tununue kompyuta?

Mtu wa nje atacheka. Atasema nchi ina matatizo makubwa, nyie mnabishania gemu. Asicheke. Hizo milioni mbili na laki nne ndiyo bajeti yetu ya maendeleo, na hatuna nyingine. Na kikundi kimegawanyika kama Bagika na Bagalu wa wazee wetu: kila upande una manju wake na kila upande unasema wa pili hawajui kucheza. Sita wanataka PS. Watano wanataka kompyuta. Mmoja, mweka hazina wetu, dada wa Somanda, anasema yeye anasubiri hesabu, hataki makelele.

Basi dada, hesabu hii hapa. Na wenzangu wa Maswa, Meatu, Itilima na Busega mnaosoma, najua vikundi vyenu vinabishana hivihivi, kwa hiyo sikilizeni.

Nianze na upande wa PS, na nisiwaonee. Wenzetu waliokwenda Mwanza kuulizia bei wamerudi na hii: PS4 iliyotumika laki tano. Tatu ni 1,500,000. TV tatu zilizotumika, laki mbili mbili, 600,000. Inabaki laki tatu ya pedi za ziada na CD. Hela imeisha, kibanda kimeanza. Mechi moja jero. Mashine ikipigwa mechi 20 kwa siku, mashine tatu zinaleta 30,000. Mteja anakuja, anakaa, anapewa pedi, anacheza. Hamna virusi, hamna kuwaka dakika tano. Hata mtoto wa darasa la tatu anajua kuiwasha.

Upande wetu: kompyuta za mezani tatu za ofisi zilizotumika, pamoja na monita, 380,000 kila moja, jumla 1,140,000. Laptop moja iliyotumika, 450,000. Printa yenye skana, 400,000. Pedi nane za USB za 15,000, ni 120,000. Jumla 2,110,000. Inabaki 290,000 ya karatasi, wino, bando na fundi wa meza.

Sasa niwe mkweli, maana tukidanganyana humu ndani hatuna tofauti na hao tunaowasema. Kompyuta hizo za ofisi haziwezi kucheza EA Sports FC mpya. Zinacheza PES 2017, FIFA 14, GTA San Andreas, na nyingine za zamani. Mteja wa gemu ya zamani hatoi jero, atatoa mia tatu. Mashine nne, mechi 15 kila moja jioni, ni 18,000. Kwa gemu peke yake PS inatushinda kwa 12,000 kila siku. Ubishi huo nimeshindwa, na sirudi nyuma kuupinga.

Lakini nani kasema siku inaanza jioni?

Asubuhi ile PS imezimwa na watoto wako shule (na ninaomba tuandike kwenye katiba ya kikundi kwamba saa za shule hakuna mwanafunzi kugusa pedi), kompyuta ileile iliyocheza PES jana usiku inachapa barua. Inajaza maombi ya mkopo wa Bodi ya Mikopo, maombi ya chuo, maombi ya kazi kwenye mfumo wa ajira wa Serikali. Inatoa picha za pasipoti. Inaskani cheti cha kuzaliwa. Mzee wa AMCOS analeta daftari la wakulima lichapwe. Dirisha la mikopo ya elimu ya juu linapofunguliwa, nani hajaona foleni za steshenari za mji huu? Asubuhi ofisi, jioni uwanja. Kwa PS, asubuhi ni kufagia na kusubiri.

Hili la foleni ya steshenari siliongei kwa kusikia.

Mimi nimekulia kwenye kibanda cha PS2. Mechi ilikuwa mia mbili. Mama akinituma chumvi, chenji ilikuwa inaishia kwenye pedi, na fimbo nilikula kwa haki kabisa. Nilikuwa bingwa. Frikiki yangu ilikuwa inakata kona kama ndizi, watu wazima walikuwa wanaacha baiskeli zao nje waje waone. Nikamaliza kidato cha sita, nikafaulu. Nikaenda steshenari moja kujaziwa fomu ya mkopo, kwa sababu mimi mwenyewe sikuwa nimewahi kushika mausi hata siku moja. Miaka yote ile mbele ya skrini, na kibodi sikuijua. Jamaa alikuwa na watu arobaini nyuma yangu. Akakosea tarakimu moja ya namba yangu ya mtihani. Aliniuliza, "Kaka, umehakiki?" Nikatingisha kichwa, niliona aibu kusema sijui niangalie wapi. Nilipokuja kugundua, dirisha limefungwa. Mwaka ule nikaenda shambani kwa baba kuvuna pamba, na chuo mpaka leo bado naidai nafsi yangu.

Simlaumu yule jamaa wa steshenari, alikuwa amechoka. Wala siilaumu PS2. Ninachosema ni hiki: nilitumia miaka kumi mbele ya mashine ambayo haikunifundisha kitu ninachoweza kukitumia nje ya ile mashine. Kama kile kibanda kingekuwa na kompyuta, ningecheza mpira uleule, kwa hela ileile ya chumvi, na siku ya fomu ningekaa mwenyewe kwenye kiti.

Hapo ndipo siasa inapoingia, na mnaosema gemu siyo siasa mnisikilize vizuri.

Konsoli ni nyumba ya mtu. Wewe ni mpangaji. Mwenye nyumba anaamua gemu gani iingie, lini mashine yako izeeke. PS2 iliuzwa kuliko konsoli yoyote duniani, zaidi ya milioni 150. Lakini FIFA ya mwisho kuletwa humo ilikuwa FIFA 14. Ya mwisho ya PS3 ilikuwa FIFA 19. Baada ya hapo unaambiwa kanunue nyumba nyingine. Mwaka 2024 imetoka PS5 Pro ambayo sehemu ya kuwekea CD haimo, unainunua pembeni. Wanangu, kijiwe cha Bariadi kinaishi kwa CD ya kuazimana! Siku CD zikiisha kabisa, kila gemu itabidi ishushwe kwa bando, gigabaiti kwa gigabaiti, na hutaweza kumuuzia mwenzako ukishaichoka.

Halafu kuna jambo ambalo wapenzi wengi wa PS hawalijui. Ukitaka kufungua akaunti ya mtandao wa PlayStation, unaulizwa nchi yako. Tafuta Tanzania kwenye orodha. Haimo. Katika Afrika hii kusini mwa Sahara utaikuta Afrika Kusini. Kwa hiyo kijana wa Malambo anajiandikisha kama mtu wa Johannesburg, au wa Marekani, ndipo acheze. Raia wa nchi yenye watu zaidi ya milioni 60 anadanganya uraia ili apige mechi.

Mei 2024 hili lililipuka dunia nzima. Sony walitangaza kwamba watu wanaocheza Helldivers 2 kwenye kompyuta nao lazima wawe na akaunti hiyo. Gemu ikaondolewa sokoni kwenye duka la Steam katika nchi zaidi ya 170 zisizo na huduma hiyo, na watu walikuwa wameshalipa hela zao. Unaona? Hata kompyuta siyo pepo, mwenye nyumba anaweza kukufuata hadi huko. Lakini angalieni kilichofuata. Wachezaji walipiga kelele, wakashusha alama za gemu ile kwa maelfu na maelfu ya maoni mabaya, na ndani ya siku chache Sony wakalifuta sharti lao. Kampuni kubwa kiasi kile ilirudi nyuma kwa sababu wateja walikataa kwa pamoja. Wale wanaotuambia kwamba kelele hazibadilishi kitu, wakawaulize Sony.

Tofauti ni kwamba kwenye kompyuta ukifungiwa mlango mmoja una dirisha. Steam ikikukataa, kuna gemu za bure, kuna gemu zinazotengenezwa na watu wa kawaida, kuna duka lingine. Na kubwa kuliko yote, unaweza kuifungua gemu uone matumbo yake. Simba na Yanga kwenye PES 2017 hakuwaweka Mjapani aliyeitengeneza. Wamewekwa na mashabiki, vijana kama sisi, wanaochora jezi usiku na kuandika majina ya wachezaji mmoja mmoja. Wote wanafanya kazi hiyo kwenye kompyuta. Hata yale mafaili unayoyaingiza kwenye PS yako kwa fleshi yametengenezwa kwenye kompyuta. Yaani mwenye PS anakula, mwenye kompyuta anapika.

Na wapo waliopika chungu kizima. Mwaka 2016 kampuni ya Kiro'o Games ya Kameruni ilitoa gemu yao, Aurion, yenye hadithi na mavazi ya Kiafrika. Waliitoa kwenye kompyuta, kupitia Steam. Ukitaka kuuza gemu Steam unalipa dola 100 na kupeleka kazi yako. Ukitaka kuingia kwenye PlayStation, lazima kwanza kampuni ikukubali uwe mtengenezaji wao. Mimi sisemi mwakani Bariadi itatoa gemu. Ninasema mtoto anayekaa mbele ya kompyuta ana njia hiyo, na anayekaa mbele ya PS hana.

Mnasema hayo ni ya mbali? Basi turudi nyumbani.

Mwaka 2018 Serikali ilileta Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni. Mwenye blogu alitakiwa alipie leseni, ukijumlisha ada zote ni kama milioni mbili na zaidi. Kundi letu zima lisingeweza kulipia leseni ya blogu moja na kubaki na hela ya kununua chochote cha maana. Kanuni zilezile zikataka sehemu za huduma ya intaneti, wenye kompyuta za kukodisha kwa umma, wafunge kamera za ulinzi. Oktoba 2023 tukaambiwa na VPN nazo tuziandikishe. Sasa niulizeni: mmewahi kusikia kanuni ya kufunga kamera kwenye kibanda cha PS? Mtawala siyo mjinga. Anajua mashine ipi ni ya kukulaza na ipi ni ya kukuamsha. Kijana anayepiga mechi 20 kwa siku hamsumbui. Kijana anayejua kusoma ripoti ya CAG kwenye kompyuta ya kijiweni ndiye anayemsumbua.

Ndiyo maana sishangai kuona siku za uchaguzi chawa wanagawa jezi na mipira. Kesho watakuja na PS. Mtapigiwa picha mmeshika pedi, mtaambiwa "vijana mmewezeshwa". Hawatakuja na printa.

Na tujiseme na sisi. Novemba 2024, uchaguzi wa serikali za mitaa, wagombea wengi wa upinzani nchi nzima walienguliwa, wengine kwa madai ya kukosea kujaza fomu. Najua, nia ilikuwa kutuengua hata tungejaza kwa wino wa dhahabu. Lakini mimi nilikuwepo wakati wenzetu wanakimbizana na rufaa, muda unakwisha, na katika vijana wote tuliokaa pale hakuna hata mmoja aliyeweza kuchapa ukurasa mmoja bila kutafuta herufi kwa kidole kimoja. Mabingwa wa PS tulikuwepo watano. Mchapaji hakuna. Huko ni kupigania mabadiliko kwa mkono mmoja.

Sasa nijibu hoja tatu za upande wa pili.

"Umeme." Mwishoni mwa 2023 hadi mapema 2024 sote tulionja mgao. Umeme ukikatika, PS na TV vyote ni mapambo. Laptop yetu moja itaendelea, na mteja wa fomu atamalizia kwa bando la simu. Printa itasubiri, sawa. Lakini siku haijafa yote.

"Virusi na picha chafu." Kweli, kompyuta inahitaji mtu. Atakaa mtu. Kila mashine itatazama mlangoni ili skrini ionekane, na fleshi ya mteja haiingii bila kukaguliwa. Na PS nayo inahitaji mtu, maana mkimuacha mtoto na pedi atakaa mpaka mama yake aje na mwiko.

"Wateja wanataka PS." Hii ndiyo hoja kubwa. Jibu langu: tuanze na kompyuta, na faida ya miezi sita ya kwanza tununue PS moja tuiweke kona. Kompyuta inaweza kuzaa PS kwa sababu ina kazi mbili. PS haizai kompyuta, kwa sababu faida yake yote itaenda kwenye pedi zilizovunjika na gemu mpya ya kila mwaka. Na kompyuta ukiichoka unaiongezea RAM leo, kadi ya grafiki mwakani. PS ukiichoka unauza, unaanza upya.

Kuna jambo moja linaniuma na lazima niliseme. Mwaka 2023 mwanzoni tulikuwa tunataka kuomba mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo asilimia 4 ni ya vijana. Haina riba. Tukakaa vikao vitatu tunabishana andiko liandike PS au kompyuta. Aprili 2023 Serikali ikasitisha mikopo hiyo nchi nzima baada ya madudu aliyoyaonyesha CAG. Dirisha lilifunguliwa upya mwaka 2024, sisi bado tunabishana. Kusitisha ni kwao. Kuchelewa ni kwetu, na tusimsingizie mtu. Jirani zetu wa Maswa walianzisha kikundi cha vijana cha kutengeneza chaki, na chaki za Maswa zikajulikana nchi nzima. Walinunua mtambo unaotoa kitu. Hawakununua mtambo wa kutazama.

Kwa chama chetu, nina madai mawili yaingie kwenye ilani, na siyo kwa maneno matamu. La kwanza, kodi. Kompyuta haina ushuru wa forodha katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, lakini VAT ya asilimia 18 ipo palepale. Bajeti ya 2021/22 ilisamehe VAT kwenye simu janja, vishikwambi na modemu, na mwaka uliofuata msamaha ukaondolewa. Tuseme wazi: kompyuta ya kikundi cha vijana kilichosajiliwa isamehewe VAT, na bei ifuatiliwe mpaka dukani ili faida isiishie kwa muagizaji. La pili, fedha ya asilimia 4 ya vijana: orodha ya vikundi vilivyopata, kiasi walichopata na walichonunua ibandikwe ukutani kila robo mwaka, kila kata. Tusome wenyewe.

Tukishindwa Jumamosi, nitanunua pedi pamoja na walioshinda na nitakaa zamu yangu kama kawaida. Hiyo ndiyo demokrasia tunayoidai kwa wengine, hatuwezi kuikataa chumbani kwetu. Ila kabla hujanyoosha mkono, ndugu yangu wa upande wa PS, jiulize kitu kimoja tu. Yule mdogo wako atakayekuja kibandani na chenji ya chumvi, unataka miaka kumi ijayo awe anajua frikiki peke yake?

Dada mweka hazina, hesabu umeipata. Kura sita kwa tano, ya kwako ndiyo imebaki.

Nawasilisha.

Mwanachama, Jumuiya ya Vijana, Bariadi